Tambi za kukaanga kwa kuku na asali: mwongozo kutoka jiko la Tabora

Mwambie mtu wa Tabora kuwa leo usiku kuna tambi, atawaza sukari, iliki na zabibu kavu. Atawaza futari, au asubuhi ya Idi na sinia lililofunikwa kawa. Ndiyo maana siku ya kwanza nilipomtengea wifi yangu tambi zenye kuku, kabichi na pilipili, alizigeuzageuza kwa uma kama anayetafuta pete iliyodondoka, kisha akauliza, "Sukari umeisahau au ndo mapishi yenyewe?" Sahani ya pili alijipakulia mwenyewe.

Chakula ninachokueleza hapa si cha Kichina halisi, wala si cha Kithai, na mtu wa kule asije akanidai. Ni mtindo wa Asia uliohamia kwetu: soya sosi na tangawizi kwa upande mmoja, ndimu na karanga za kutwanga kwa upande mwingine, kuku katikati. Asali ndiyo yetu. Mkoa huu unajulikana nchi nzima kwa asali ya misitu ya miyombo, na mjini kuna chuo kizima cha ufugaji nyuki. Sioni sababu ya kwenda kununua chupa ya sosi tamu ya kiwandani wakati dumu la asali limekaa kabatini.

Kabla hatujaenda sokoni shika jambo moja: adui wa chakula hiki ni maji. Mara ya kwanza nilipika kama ninavyopika mchuzi. Kuku, mboga, tambi, vyote ndani ya sufuria moja, nikafunika, nikaenda kuanua nguo. Nilipofunua nilikuta rojo. Ladha haikuwa mbaya, ila mwanangu wa mwisho aliila kwa kijiko, kama uji.

Sababu yake ni rahisi. Nyama inapata rangi ya kahawia na ile harufu ya kukaangwa ikifika nyuzi joto 140 hivi. Maji hayafiki huko. Tabora ipo kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu hata 100 hayafiki, yanachemka kwenye 96 hivi. Maadamu kuna maji yaliyotuama ndani ya karai, moto uwe mkali vipi, nyama yako inachemka tu. Kila nitakachokuambia hapa chini, cha kukausha, cha kupika kwa mafungu, cha kutofunika, kinatokana na hilo.

Sokoni

Hesabu yangu ni ya watu 5. Kuku kilo 1 ya mapaja, ambayo ukitoa mifupa inabaki nyama kama gramu 600. Tambi pakiti moja ya gramu 400. Kabichi robo, karoti 2 kubwa, hoho 1, chainizi fungu moja, vitunguu majani fungu dogo, kitunguu maji 1. Tangawizi ya urefu wa kidole gumba na punje 5 za kitunguu saumu. Soya sosi vijiko vikubwa 4, asali vijiko vikubwa 2, siki kijiko kikubwa 1. Konflawa, ule unga mweupe laini wa wanga wa mahindi (si sembe), kijiko kikubwa 1 na cha chai 1. Mafuta ya kula kikombe cha kahawa. Karanga konzi moja, ndimu 2, pilipili kwa kadiri ya roho yako.

Chainizi utadhani ilipewa jina kwa ajili ya chakula hiki. Ichague ile ambayo shina lake jeupe likivunjwa linalia "ka!", na uinunue asubuhi, ya jioni imeshachoka na jua. Mama ninayenunua kwake nikimsalimia "Mwangaluka mayu" ananiwekea fungu la chini ya meza lililofunikwa gunia bichi, nisiposalimia ananipa la juu. Tangawizi omba uvunje kipembe: ikiacha nyuzi ndefu kama kamba ya katani, ni kongwe, itakuwasha ulimi bila kunukia. Tangawizi nyingi inayofika huku inatoka Kigoma, na ile changa yenye ngozi nyembamba hata kumenya haihitaji, unaikwangua kwa kijiko.

Soya sosi soma nyuma ya chupa. Iliyotengenezwa vizuri ina soya, ngano, maji na chumvi, vikaachwa vichachuke kwa miezi. Ile ya bei chee mara nyingi ni maji ya chumvi yenye rangi. Na usiongeze chumvi popote katika mapishi haya. Kijiko kikubwa kimoja cha soya sosi kina chumvi zaidi ya gramu 2, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asile hata gramu 5 kwa siku nzima. Vijiko 4 kwa watu 5 tuko salama. Ukimwaga kwa macho, hatupo.

Kuhusu asali, vipimo vya mtaani vya kuchovya njiti ya kiberiti au kudondoshea kwenye glasi ya maji havithibitishi kitu. Nunua kwa mtu unayemfahamu. Na tafadhali usichukue asali ya nyuki wadogo ukaitia karaini. Ile ni nyepesi, ina uchachu wake, ni ghali, na nyumba nyingi huiweka kama dawa ya kifua. Ikipita kwenye moto hutaitofautisha na asali ya kawaida, na bibi yako akijua atakasirika.

Mafuta nayo yana neno. Alizeti iliyokamuliwa mtaani bila kusafishwa ninaipenda kwenye mboga za majani, lakini hapa inaanza kutoa moshi mapema mno, kabla karai halijafika kwenye moto tunaoutaka, na inatoa povu. Chukua mafuta yaliyosafishwa.

Mvua zikishika, kuanzia Novemba hivi, utaona uyoga wa porini umepangwa pembeni mwa barabara. Unafaa sana. Nunua kwa mama anayeujua kwa miaka, usiokote wa kubahatisha, na uukaange peke yake mpaka maji yake yaishe, kwa sababu uyoga ni maji yaliyovaa nguo.

Kuku wa aina gani

Kuku wa kienyeji ni mtamu, hilo halina ubishi. Lakini amekimbia maisha yake yote, na dakika 3 za karai hazimlainishi. Ukimtaka yeye, mchemshe kwanza kwa tangawizi mpaka alainike, saa nzima au zaidi, mwache apoe, chambua nyama kwa vidole, itandaze ikauke, halafu utaikaanga haraka kupata rangi. Supu yake weka kando, ni chakula cha kesho. Chotara yupo katikati: jogoo mchanga unaweza kumkata na kumkaanga moja kwa moja, aliyekomaa mchemshe.

Kwa njia fupi, kuku wa kisasa, na sehemu ya paja. Kidari kinakauka ukizubaa sekunde 30. Paja lina mafuta yake na linakuvumilia. Toa mifupa kwa kisu kidogo chenye makali: pasua kufuata mfupa, kwangua nyama pembeni, zungushia kwenye fundo, vuta. Mara mbili za kwanza utachafua, ya tatu utazoea. Kama una friji, nyama ikikaa kwenye barafu nusu saa inakuwa ngumu kidogo na inakatika vipande vyembamba bila kuteleza. Kata kinyume cha nyuzi za nyama, vipande vya unene wa kidole cha mwisho.

Najua wengi wetu kuku hatumpiki bila kumwosha. Basi mwoshe ndani ya beseni refu, mbali na mboga, bila bomba la kurusha maji, halafu mfute kwa kitambaa safi mpaka awe mkavu kabisa. Ubao na kisu vilivyokata kuku mbichi viende kwenye sabuni na maji ya moto kabla havijagusa vitunguu majani, ambavyo tutavila vibichi.

Sasa weka nyama bakulini na soya sosi kijiko kikubwa 1, konflawa kijiko kikubwa 1, mafuta kijiko kikubwa 1 na nusu ya tangawizi uliyoitwanga kwenye kinu. Sugua kwa mkono mpaka kila kipande kivae koti jembamba linaloteleza. Jikoni kwa Wachina hatua hii ni ya kawaida, na kazi ya ule wanga ni kuzuia majimaji ya nyama yasitoroke na kumwagika karaini. Mapishi yao mengi huweka na mvinyo wa mchele. Kwa nyumba isiyotumia pombe, weka matone ya siki na chembe ya sukari, usonge mbele. Hukuipata konflawa? Unga wa muhogo uliochekechwa mara mbili unafanya kazi, ila koti litanata zaidi. Funika, acha nusu saa.

Tambi

Tambi zilizouzwa kwa jina la Kichina ukizipata mjini, vizuri. Mimi mara nyingi natumia tambi ndefu za kawaida, zile zinazopikwa na nyama ya kusaga, na kuna ujanja mmoja wa kuzibadilisha.

Tambi za njano za Asia, zile zinazovutika kidogo mdomoni, unga wake hukandwa kwa maji yenye chumvi za magadi. Magadi ndiyo yanayoupa unga wa ngano ile rangi ya njano na kuufanya uvutike. Na magadi si kitu kigeni Tabora. Nani hajala mlenda au maharage yaliyolainishwa nayo? Tambi zetu zimeshakandwa kiwandani bila magadi, lakini ukiyatia kwenye maji ya kuchemshia, zinakaribia. Kama unayo bekingi soda, tia kijiko cha chai 1 kwa kila lita ya maji, kabla hayajachemka, kidogokidogo, kwa maana ukiimwaga kwenye maji yanayotokota povu litapanda na kuzima jiko. Kama unatumia magadi ya kipande, chukua cha ukubwa wa ukucha, kiyeyushe kwenye kikombe, acha mchanga utuame, mimina maji ya juu tu. Usizidishe. Magadi mengi yanaleta ladha ya sabuni na tambi zinalegea nje kabla ya kuiva ndani.

Chemsha maji mengi, angalau lita 4 kwa pakiti. Usivunje tambi, zisukume taratibu zinavyolainika. Dakika zilizoandikwa kwenye pakiti zinahesabiwa kwa maji ya nyuzi 100, na kwa maji yetu utaona zinachelewa kidogo, hivyo usiamini saa, onja. Zitoe zikiwa bado zina kiini kigumu kidogo, chembamba kama sindano, ukizing'ata. Zimwage kwenye chujio, zisuuze kwa maji baridi huku ukizichambua kwa vidole mpaka ule utelezi uishe na harufu ya magadi iondoke, zikung'ute kwa nguvu, changanya na kijiko 1 cha mafuta.

Halafu hatua ambayo watu wanairuka: zitandaze kwenye sinia pana, uziache wazi. Nusu saa ni kidogo, saa nzima ni vizuri. Ukizishika ziwe kavu kwa nje, zimeachana, zinateleza kama nywele zilizopakwa mafuta. Zikiwa bado na unyevunyevu, huna haja ya kuwasha jiko, subiri.

Tambi za haraka za pakiti ndogo, kama Indomie, zichemshe dakika 1 tu na kile kipakiti cha viungo weka kando, kimejaa chumvi. Tambi za mchele hazichemshwi kabisa, zinalowekwa kwenye maji ya moto mpaka zilegee.

Mboga na sosi

Osha mboga mapema, zitandaze kwenye ungo zipigwe na upepo. Karoti zikate kama njiti za kiberiti, kabichi nyuzi za upana wa kidole, hoho vivyo hivyo. Chainizi tenganisha: mashina upande huu, majani upande ule. Kitunguu maji vipande vyembamba, saumu na tangawizi iliyobaki zitwange pamoja, vitunguu majani katakata.

Sosi: soya vijiko vikubwa 2, siki kijiko 1, maji vijiko 3, konflawa kijiko cha chai 1, pilipili manga. Koroga kwenye kikombe. Asali haimo. Kijiko cha nne cha soya kiweke peke yake kwenye kikombe cha kahawa, kina kazi yake.

Karanga kaanga kavu mpaka ganda litoke ukilisugua, peta, twanga kwa kukosa adabu, zibaki vipandevipande.

Moto

Hapa ndipo mwenye jiko la mkaa anamcheka mwenye jiko la kisasa. Watu wa Guangdong, kusini mwa China, wana jina kwa ile harufu ya moshi mwembamba inayoshika chakula kilichokaangwa kwa moto mkali: wok hei, pumzi ya karai. Karai lao lina umbo lilelile la hili letu la mandazi na chipsi, duara chini, pana juu. Likalishe kwenye jiko la mkaa lililokolea na tayari una kitu ambacho jiko la umeme la bapa halikupi.

Washa mapema. Mkaa uwe mwekundu wote, pembe zimeanza kupata majivu meupe, moshi umeisha. Ujaze jiko vizuri, kwa sababu katikati ya kukaanga hakuna muda wa kuongeza. Pepea kwa kipepeo mlango wa jiko ukiwa wazi. Mwenye gesi ya mtungi mdogo afungue mpaka mwisho, lakini akubali kuwa moto wake ni hafifu: pale ninaposema mafungu mawili, yeye afanye matatu au manne.

Karai la chuma ni bora. La alumini jembamba linafaa, ila moto hushika sehemu moja, hivyo zungusha chakula zaidi. Kikaango kile cheusi kisichoshika chakula usikiache kitupu kwenye moto mkali. Utando wake ukipita nyuzi 260 hivi unaharibika na kutoa moshi usiofaa kuvutwa.

Panga kila kitu kwa mkono wa kulia kwa mfuatano wa kuingia: kuku, karoti na hoho, kabichi na mashina, vitunguu na viungo, tambi, majani, sosi, asali. Sinia tupu kwa mkono wa kushoto. Watoto watoke. Simu iache ndani. Kuanzia sasa ni kama dakika 12, na hakuna ya kupumzika.

Karaini

Pasha karai tupu dakika 2 au 3. Chovya ncha za vidole kwenye maji, dondosha matone mawili. Yakikaa na kuchemka pale pale, bado. Yakikimbia huku na huko kama shanga zilizokatika uzi, tayari. Mimina vijiko 2 vya mafuta, zungusha karai yapande ukutani.

Tia nusu ya kuku. Nusu tu. Tandaza vipande visilaliane, kisha ondoa mkono. Huu ndio mtihani, maana mkono wa mpishi wa mchuzi hautulii, unataka kukoroga. Hesabu mpaka 60. Mwanzoni vipande vimeng'ang'ania chini. Vikishapata rangi vinajiachia vyenyewe. Sikiliza na mlio. Ukiwa mkali na mkavu, uko vizuri. Ukigeuka kuwa ule mlio mzito wa kitu kinachotokota, maji yametoka, umejaza mno: chota baadhi utoe. Geuza, dakika 1 na nusu nyingine, toa kwenye sinia. Pasua kipande kinene kuliko vyote. Wekundu wowote ndani, rudisha. Acha karai lipate moto upya, mafuta kidogo, nusu iliyobaki.

Karoti na hoho, dakika 1. Ongeza kabichi na mashina ya chainizi, dakika 1 nyingine, toa zikiwa bado zinalia ukizitafuna. Zitaonekana mbichi. Ziache hivyohivyo, joto lake linaendelea kuzipika siniani.

Mafuta vijiko 2, kitunguu maji, kisha saumu na tangawizi na pilipili. Sekunde 20. Saumu ikipita rangi ya maji ya kunde imeshakuwa chungu, na uchungu wake hauondolewi na asali ya mkoa mzima; futa karai, anza upya.

Mara moja tambi. Zitandaze, zikandamize kwa mgongo wa upawa, ziache dakika 1 zishike ukoko mwembamba chini. Ule ukoko ni wa kugombaniwa, kama wa wali. Zigeuze kwa miiko miwili, ukizinyanyua kutoka chini kwenda juu. Ukizikoroga kwa kuzunguka zitakatika. Sasa chukua kile kikombe cha kahawa chenye soya. Usiimwage juu ya tambi. Izungushie kwenye ukuta wa karai, pale juu ambapo chuma ni kitupu. Itachemka kabla haijafika chini, itatoa mvuke wa kahawia na harufu kama ya nyama choma, na jirani atauliza ng'ambo ya ukuta mnapika nini. Geuza haraka.

Rudisha kuku na mboga, tia majani ya chainizi. Koroga kikombe cha sosi, kwa kuwa wanga umelala chini, mimina kwa kuzungusha. Geuza mpaka sosi ing'ae na kushika tambi badala ya kutuama. Ikituama, endelea kupepea, itakauka.

Mwisho kabisa, asali. Sukari ya matunda iliyomo ndani ya asali inaanza kubadilika rangi kwenye nyuzi 110 hivi, wakati sukari ya miwa inasubiri mpaka 160. Ukiitia mapema inaungua, inashika chini na kutoa uchungu wa lami. Vuta karai pembeni ya moto, mimina vijiko 2 kama uzi, geuza mara tano au sita, epua.

Mezani

Pakua papo hapo kwenye sinia moja pana. Vitunguu majani juu, karanga juu yake, ndimu zilizokatwa pembeni kila mtu ajikamulie. Usikamulie karaini, joto linaua harufu ya ndimu. Kwa anayependa ufuta, kaanga kavu kijiko kimoja, unyunyize.

Mzee wa nyumbani kwangu anasema chakula bila ugali ni kionjo, kwa hiyo huwa nampikia kiugali kidogo pembeni. Sijaona chakula kikiharibika kwa sababu hiyo.

Ikitoka imepoa ladha, ni ndimu imekosekana, mara nyingi si chumvi. Ikiwa chumvi imezidi, ongeza kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba na ndimu zaidi, maji usithubutu.

Kiporo kinafaa sana asubuhi, kwa yai: pasha karai, tambi zipate ukoko tena, vunjia mayai 2, geuza. Ila kisilale mezani. Oktoba ya Tabora unaijua ilivyo, na kwenye tambi na wali uliopoa kuna bakteria anayeweza kuacha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Kikishapoa kidogo kiingie kwenye friji, ndani ya saa 2. Usipokuwa na friji, pika kinachotosha, au mpelekee jirani yule aliyeuliza.

Karai lioshe lingali vuguvugu. Asali iliyokauka pembeni usiikwangue kwa chuma. Jaza maji ya moto, acha dakika 10, itaachia yenyewe. Kama ni la chuma, lirudishe kwenye mkaa uliobaki likauke kabisa, kisha lipake mafuta kwa kitambaa, nje na ndani.